Annie Oakley: Binti maskini aliyechagua bunduki kama straika anavyochagua njumu

KIJANA wa Runzewe akienda mnadani kutafuta njumu za mtumba, kosa la kwanza analofanya ni kuangalia nembo. Akiona jina kubwa ubavuni mwa kiatu, bei inaacha kuwa tatizo. Anarudi nyumbani anachekelea. Jumapili ikifika, mechi na vijana wa Ushirombo, dakika ya 20 tu anaanza kuchechemea. Kiatu ni namba 43, mguu ni 41. Jina halichezi mpira, unaocheza ni mguu.

Kuna mwanamke mmoja wa Marekani aliyelijua hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita, na wala hakuwa mchezaji wa mpira. Alikuwa mlenga shabaha. Silaha yake kubwa ilikuwa shotgan, ile bunduki ya marisau ambayo ukiifyatua mara moja inatoa punje nyingi ndogo za risasi. Mchezo wake ulikuwa kupiga vitu vinavyoruka angani.

Mwaka 1922, katika mji wa Pinehurst, jimbo la North Carolina, mwanamke huyo alisimama yadi 16, yaani karibu mita 15, nyuma ya mashine inayorusha sahani za udongo. Sahani 100 zikarushwa. Sahani 100 zikapasuka. Hakukosa hata moja, na alikuwa mwanamke wa miaka 60 na ushee mwenye nywele nyeupe.

Anaitwa Annie Oakley. Alifariki mwaka 1926, lakini kila anayeingia leo kwenye mchezo wa kupiga sahani na kuuliza anunue bunduki gani, anauliza swali ambalo Annie alilijibu kwa maisha yake yote.

NJAA NDIYO ILIYOKUWA KOCHA

Alizaliwa Agosti 13, 1860, kijijini katika wilaya ya Darke, jimbo la Ohio. Jina la nyumbani lilikuwa Phoebe Ann, na familia yao ilikuwa ya wakulima, nyumba ya magogo na watoto wengi. Baba yake, Jacob, alinaswa na dhoruba ya theluji akirudi na mizigo, akaugua na kufariki mwaka 1866. Mama, Susan, akabaki na watoto na madeni.

Annie alikuwa na miaka minane alipochukua bunduki ya marehemu baba yake iliyotundikwa juu ya sehemu ya kuotea moto, akatoka nje na kumpiga kindi. Ndiyo ilikuwa risasi yake ya kwanza. Bunduki ilikuwa ndefu kuliko yeye.

Shida zikazidi. Alipokaribia miaka kumi alipelekwa kwenye nyumba ya maskini ya wilaya. Huko alijifunza kushona, na kazi hiyo ya sindano itarudi baadaye kwenye habari hii. Kisha akachukuliwa na familia moja iliyoahidi mshahara mdogo na shule. Shule hakuiona. Alifanyishwa kazi alfajiri mpaka usiku, akapigwa, na siku moja akatolewa nje kwenye theluji bila viatu. Maisha yake yote hakuwahi kuwataja watu hao kwa jina, aliwaita mbwamwitu tu. Baada ya takribani miaka miwili alitoroka.

Aliporudi kwa mama yake alikuwa na wazo moja: kuwinda. Alipiga kware na sungura, akawauza kwenye duka la mjini Greenville, na kutoka hapo nyama ilisafirishwa hadi hoteli za jiji la Cincinnati. Wenye hoteli walimpenda kwa sababu moja. Alilenga kichwa, hivyo mteja hakutafuna marisau mezani.

Kwa fedha hizo, akiwa na miaka kama 15, alimaliza deni la shamba la mama yake. Wanaoishi ukanda wa Geita wanawajua watoto wa aina hii, wanaoingia kwenye kazi za wakubwa kwa sababu nyumbani hakuna mkubwa mwingine. Kwa Annie, risasi iliyokosa ilikuwa chakula kilichokosekana. Baruti ilinunuliwa, haikuokotwa.

MECHI ILIYOMPA MUME

Wakati huo Marekani ilikuwa na wapiga shabaha waliozunguka mji hadi mji wakifanya maonyesho na kuwekeana dau na wenyeji. Mmoja wao alikuwa Frank Butler, mhamiaji kutoka Ireland, jamaa wa maneno mengi na shabaha kali. Alipofika Cincinnati alijigamba kwamba hakuna mtu wa pale wa kumshinda. Mwenye hoteli mmoja akamwambia yupo.

Frank alitegemea kukutana na mwanaume mwenye ndevu. Akaletewa binti wa kijijini, mfupi, mwenye gauni la kushona mwenyewe. Inasemekana alicheka. Wakapiga mmoja mmoja kwa zamu mpaka mizunguko 25. Annie hakukosa. Frank alikosa mara moja, na mara moja ilitosha.

Mashabiki wa Kanda ya Ziwa wanaokumbuka msimu wa 2021/22, George Mpole alipofunga mabao 17 akiwa na Geita Gold na kuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu, wanaijua ladha ya mtu wa pembeni kuwapita wakubwa. Tofauti ni kwamba aliyepitwa na Annie hakununa. Frank alimpenda, wakaoana, na baada ya muda akafanya jambo ambalo wanaume wachache wa zama zile wangelifanya. Aliona wazi kwamba mke wake ni bora kuliko yeye, akakaa benchi kwa hiari. Akawa meneja wake, mrusha shabaha wake na msimamizi wa bunduki zake. Annie akachukua jina la jukwaani, Oakley.

KUTOKA NJIWA HAI HADI SAHANI YA UDONGO

Hapa inafaa kuujua mchezo wenyewe. Zamani wapigaji walishindana kwa njiwa hai. Njiwa aliwekwa ndani ya kisanduku, kamba ikivutwa kisanduku kinafunguka, ndege anaruka, mpigaji anafyatua. Kisanduku hicho kiliitwa trapu, yaani mtego, na jina likabaki mpaka leo ingawa njiwa hayupo tena.

Baadaye zikaja tufe za kioo zilizorushwa na mashine. Zilipasuka vizuri lakini ziliacha uwanja umejaa vigae. Ndipo mwaka 1880 George Ligowsky, mkazi wa Cincinnati hiyo hiyo, alipobuni shabaha ya udongo yenye umbo la sahani ndogo. Ilikata hewa kama ndege anayekimbia, na ilikuwa rahisi kutengeneza.

Annie alipita kwenye hatua zote tatu. Mwaka 1885 alipiga tufe za kioo 5,000 kwa siku moja, zikapasuka 4,772. Hesabu ya kuvutia ni nyingine: ni mara 5,000 kitako cha bunduki kugonga bega la mwanamke mwenye urefu wa sentimita 152 na uzito wa kilo 50 hivi. Mtu wa umbo hilo hamalizi kazi kama hiyo kwa bunduki isiyomfaa. Bega linasalimu amri kabla ya jicho.

Mwaka huo huo alijiunga na kundi la maonyesho la Buffalo Bill. Nafasi ilikuwa imeachwa na Kapteni Adam Bogardus, bingwa wa shabaha aliyetumia bunduki nzito za kiume. Wenye kundi walisita. Binti mdogo hivi ataweza? Annie akaomba ajaribiwe, kama mchezaji anayeomba majaribio bila ada ya usajili. Meneja wa kundi, Nate Salsbury, alimwona akijifua uwanjani mjini Louisville na hakuhitaji kuona mara ya pili. Akasajiliwa.

Sitting Bull, yule kiongozi maarufu wa Walakota, alikuwa ameshamwona mwaka 1884 na kumpa jina la Kamdogo Kasiyekosa. Aliposafiri na kundi hilo msimu wa 1885, jina likaenea kila mji.

LONDON ILIPOMWUMBUA

Mwaka 1887 kundi lilivuka bahari kwenda Uingereza, kwenye sherehe za miaka 50 ya Malkia Victoria kutawala. Annie alipiga mbele ya Malkia mwenyewe, na magazeti yakamwimba.

Ila nje ya maonyesho mambo yalikuwa magumu. Kwenye viwanja vya klabu za London alikutana na njiwa wa Kiingereza, wadogo na wepesi, wanaotoka kisandukuni kama mshale. Akakosa, tena akakosa sana. Bingwa wa Marekani akageuka mchezaji wa kawaida. Ni hali inayowakuta mastaa wengi wanaovuka mipaka: kule alikuwa mfalme, huku mpira unakwenda kasi kuliko alivyozoea.

Kuna njia mbili za kutoka kwenye hali hiyo. Ya kwanza ni kulaumu uwanja. Annie alichagua ya pili, akaenda kwa fundi.

Fundi mwenyewe alikuwa mmiliki wa karakana ya Charles Lancaster, moja ya majina ya heshima katika bunduki za London. Jina lake halisi lilikuwa Henry Thorn, na alikuwa pia mwalimu wa kulenga. Alimtazama Annie akipiga na tatizo akaliona. Halikuwa jicho. Bunduki zake zilikuwa nzito mno kwa mwili wake, na vitako vyake havikukaa sawa na bega na shavu lake. Kwa shabaha ya Marekani aliweza kufidia kwa kipaji. Kwa njiwa wa London, muda wa kufidia haukuwepo.

Sababu yake ni hii. Shotgan hailengwi kama bunduki ya vita. Mpigaji hafumbi jicho moja na kupanga alama mbili kwenye mstari. Anaiinua, inagusa shavu, inagusa bega, macho yote yako kwenye shabaha, anafyatua huku akiendelea kuizungusha. Jicho lake ndilo alama ya nyuma. Kitako kikiwa kirefu, kinanasa kwenye nguo wakati wa kuinua. Kikiwa kifupi, mkono unagonga pua. Kikiwa kimeinama sana, jicho linazama na risasi inapita chini. Tofauti ya upana wa kidole kwenye shavu inakuwa tofauti ya sahani nzima kule mbele.

Fundi akampima na kumtengenezea bunduki nyepesi zilizokaa mwilini mwake. Hapo ndipo sindano ya nyumba ya maskini inaporudi. Annie alishona mwenyewe nguo zake zote za jukwaani, na mshonaji hahitaji kufundishwa kwamba nguo nzuri haipimwi kwa jina la duka. Alielewa mara moja. Alirudi viwanjani, akaanza kuwashinda Waingereza kwenye njiwa wao, na klabu kubwa ya shabaha ya London ikampa medali.

HAKUWA NA TIMU MOJA

Baada ya hapo viwanda vya bunduki vilimfukuzia kama mawakala wanavyomfukuzia mfungaji bora. Alitumia Lancaster za Uingereza, Francotte za Ubelgiji, Parker, Stevens, Marlin na Winchester za Marekani. Angeweza kuchagua kiwanda kimoja na kukipigia debe mpaka kufa.

Hakufanya hivyo. Msimamo wake, alioueleza mara nyingi kwa waliomwomba ushauri, ulikuwa kwamba hakuna kiwanda kilicho bora kwa kila mtu, na anayedai hivyo bado hajazijua bunduki. Bunduki bora ni ile inayomkaa mpigaji. Kwanza ikae mwilini, halafu ifae kazi, bei na jina vinafuata.

Kazi nazo zinatofautiana, na wanaopiga sahani leo wanalijua hilo. Kwenye trapu, sahani inatoka mbele ya mpigaji na kukimbia kwenda mbali huku ikipanda. Trapu ya Olimpiki hutumia sahani ya kipenyo cha milimita 110 inayotoka kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa hivi. Kwa mchezo huo wapigaji hupenda mtutu mrefu, inchi 30 au zaidi, uzito wa kutosha kupunguza teke begani, na mdomo wa mtutu uliobanwa ili punje zisitawanyike mapema. Wengi hutaka pia bunduki inayopiga juu kidogo, kwa sababu sahani inapanda.

Kwenye skiti ni kinyume. Sahani zinakatiza mbele ya mpigaji kutoka kulia na kushoto, tena karibu. Hapo mdomo wa mtutu huachwa wazi ili punje zitawanyike haraka, na bunduki inatakiwa izunguke kirahisi. Kuna na mchezo wa tatu, ule wa kutembea kituo hadi kituo porini, ambako sahani moja inapita juu ya kichwa, nyingine inaviringika ardhini kama sungura. Huwezi kujua kinachokuja.

Mwenye fedha ananunua bunduki kwa kila mchezo. Mwenye fedha ya bunduki moja anatafuta kiraka, yule mchezaji anayeweza kukaa beki, kiungo na winga bila timu kuyumba. Kiraka huyo kwa sasa ni shotgan ya kipimo cha 12, mitutu miwili iliyolaliana juu na chini, urefu wa inchi 28 hadi 30, yenye vibano vya mdomo vinavyofunguliwa na kubadilishwa. Kwenye trapu unafunga kibano cha kubana, kwenye skiti unafunga cha wazi. Kitakachobaki bila kubadilika ni kitako na bega lako, ndiyo maana Annie alianzia hapo.

Kwa Tanzania, suala hilo si la mnadani. Silaha ina kibali chake, na sheria ya usimamizi wa silaha na risasi ya mwaka 2015 haina utani.

UMRI ULIOKATWA, JINA LILILOCHAFULIWA

Annie hakuwa malaika. Buffalo Bill alipomleta kundini msichana mwingine mlenga shabaha, Lillian Smith, aliyekuwa na miaka 15 tu, Annie aliona nafasi yake iko hatarini. Akaanza kusema amezaliwa mwaka 1866 badala ya 1860. Miaka sita ikayeyuka hivi hivi. Wanaofuatilia mashindano ya vijana wa chini ya miaka 17 hawatashangaa sana. Ugomvi huo ulichangia aondoke kundini mwishoni mwa 1887. Alirudi mwaka 1889, Lillian akiwa ameshaondoka, na kwenda kuitikisa Paris kwenye maonyesho makubwa ya mwaka huo.

Oktoba 29, 1901 treni ya kundi iligongana na nyingine huko North Carolina. Farasi wengi walikufa, na Annie aliumia mgongo. Aliachana na Buffalo Bill baada ya miaka kama 16.

Pigo baya zaidi lilikuja mwaka 1903, na halikutoka kwenye treni bali kwenye magazeti. Mjini Chicago alikamatwa mwanamke mmoja kwa wizi, akajitambulisha kwa jina la Annie Oakley. Magazeti ya William Randolph Hearst yakachapisha kwamba nyota wa shabaha amekwisha, anaiba ili anunue kokeini. Magazeti mengine nchi nzima yakanakili bila kuuliza. Wakati huo Annie halisi alikuwa nyumbani kwake mashariki mwa nchi, hana habari.

Wengi wangesubiri upepo upite. Annie aliyashtaki magazeti 55. Alizunguka mahakama kwa mahakama kwa takribani miaka saba, akajibu maswali ya mawakili waliotafuta uchafu mpaka kijijini kwao Ohio. Walikosa. Matokeo ya mwisho: kati ya kesi 55 alishinda au kulipwa kwa makubaliano 54. Inakadiriwa kwamba gharama na kazi alizopoteza zilizidi fidia. Hakujali. Alikuwa mtoto wa nyumba ya maskini, na jina ndicho kitu pekee alichojijengea bila kurithi kwa mtu.

MWALIMU WA PINEHURST

Kuanzia mwaka 1915 yeye na Frank walikuwa wakipitisha msimu wa baridi Pinehurst, na huko Annie alifundisha wanawake kupiga shotgan. Inakadiriwa kuwa maishani mwake alifundisha wanawake 15,000. Kwake, mwanamke anayejua kutumia bunduki hakupoteza uanamke wake, na hakuona sababu ya mwanamke kubebeshwa bunduki ya mume wake kisha aambiwe hana shabaha. Alilijua teke la bunduki ya mtu mwingine tangu akiwa na miaka minane.

Vilevile alifanya jambo ambalo watu wa Geita, wanaojua dhahabu inavyotoka jasho, watalipima wenyewe. Alichukua medali zake za dhahabu, akaziyeyusha, akauza dhahabu hiyo na kutoa fedha kwa kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu. Nyingine hatuwezi kuziona makumbusho leo kwa sababu hiyo.

Ndipo ikaja ile siku ya sahani 100 mwaka 1922. Watu wakaanza kuzungumzia kurudi kwake jukwaani. Novemba mwaka huo huo, huko Florida, gari alilopanda lilipinduka. Nyonga ilivunjika. Alilala hospitali wiki kadhaa, na mguu wa kulia ukafungwa chuma cha kumsaidia kutembea mpaka alipokufa.

Mpigaji wa shotgan husimamia miguu. Kiuno kinazunguka, bunduki inafuata. Ukitia chuma kwenye mguu, ni kama kumwambia kiungo mchezeshaji acheze bila kugeuka. Annie alijifunza upya. Akasimama na chuma chake, akapiga sahani, na zikapasuka. Mwaka 1924 alikuwa bado anashangaza watazamaji.

NOVEMBA 1926

Damu ndiyo ilimshinda. Upungufu mkali wa damu ulimdhoofisha, akarudi Ohio kwa ndugu zake, na Novemba 3, 1926 akafariki mjini Greenville, ule mji alikokuwa akipeleka kware akiwa mtoto. Alikuwa na miaka 66.

Frank Butler, yule aliyekosa mara moja na kupata mke, hakuweza kuendelea. Inasimuliwa kwamba aliacha kula. Alifariki Novemba 21, siku 18 baadaye. Wamelala pamoja kwenye makaburi ya Brock, si mbali na alikozaliwa Annie.

Siku tano baada ya Frank, Novemba 26, huko Liège, Ubelgiji, alifariki fundi mkubwa wa bunduki wa Marekani, John Browning. Alikuwa kazini, akiendeleza shotgan yake ya mwisho, yenye mitutu miwili iliyolaliana. Bunduki za aina hiyo zilikuwapo, lakini kwa matajiri. Mwanaye Val aliimalizia, na mwaka 1931 ikaingia sokoni. Umbo lake ndilo linalotawala viwanja vya sahani mpaka leo, yule kiraka wa michezo yote. Mwaka huo huo wa 1926 ndio mchezo wa skiti ulipopewa jina lake. Annie hakuwahi kuupiga kwa jina hilo.

Dunia ilichukua muda kumfikia. Mwaka 1946 Broadway ilimtengenezea tamthilia ya muziki, Annie Get Your Gun, lakini ikabadilisha matokeo: Annie wa jukwaani anakubali kushindwa kwa makusudi ili asimpoteze Frank. Yule wa kweli alishinda, na Frank akabaki naye karibu miaka 50.

Kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, wanaume na wanawake walishindana pamoja kwenye skiti. Dhahabu ikaenda kwa mwanamke, Zhang Shan wa China. Olimpiki iliyofuata, wanawake wakaondolewa kwenye skiti. Walirudi Sydney mwaka 2000, wakiwa na mashindano yao wenyewe, na mwaka huo ndipo wanawake walipopata kwa mara ya kwanza mashindano yao ya trapu. Zilikuwa zimepita miaka 78 tangu mwanamke wa Ohio apasue sahani 100 bila kukosa.

Kwa kijana wa Runzewe atakayekwenda mnadani Jumamosi hii kutafuta njumu, Annie asingempa jina la kiwanda. Angemwambia avue ndala, aingize mguu, atembee hatua kumi, ndipo aulize bei.